Mwezi Yenye Haina Jina

Siku ya kwanza ya juma, 6 Octobre

Chai bila sukari. Jogoo ya jirani yangu Ilunga imeimba mbele ya saa yake, kama kawaida. Goti ya kushoto inasema mvula iko karibu. Ya kuume inasema bado sana. Siamini hata moja.

Solange alifika na ordinateri yake, mashine ya kuhesabu, mu kifuko. Ni mujukulu yangu, binti ya mutoto yangu wa kwanza, anamaliza masomo ya takwimu ku universite. Kazi yake ya mwisho ni hii: kuuliza bazee ba mutaa yetu, Kasungami, mvula ya kweli ilianza lini, mwaka kwa mwaka, kisha kutia majibu yote mu kalendari moja. Sababu kila muzee iko na kalendari yake mu kichwa. Mwingine anahesabu na sikukuu za kanisa. Mwingine na batoto kurudi masomo. Mwingine na mwezi ya juu. Mashine haijui hizo. Inajua tarehe tu, maskini.

Nasema mvula ya kweli maana kwetu kuko pia mvula ya bongo, ya kudanganya. Inakuya na kelele, inalowesha udongo, bantu banapanda, kisha inapotea na jua inachoma yote.

Mwaka jana kikundi yetu ya shamba ilipanda na mvula ya bongo. Mbegu yote ikaungua. Papa Ilunga, mukubwa wa kikundi, fundi wa zamani wa treni, amekata neno: ikiungua tena, shamba inaenda kwa ule muntu anataka kujenga manyumba na piscine, bwawa ya kuogelea, kama kule hoteli Karavia. Ile shamba niling'oa bisiki yake na marehemu muke yangu. Sitaki kuona muntu ananawa matako pahali tulilima. Nimemwambia Solange atafute tarehe ya kupanda. Diplome itafuata nyuma.

Siku ya tatu, 8 Octobre

Tulizunguka kwa bazee. Mimi natafsiri, sababu Solange anasikia lugha za bakambo, babu zake, kama redio yenye pile zimekufa. Niliongeza chumvi kidogo. Muzee moja alisema mvula ya kweli ilianza wakati alikuwa na homa. Nikatafsiri: homa ya mapenzi. Solange aliandika "homa", akanikanyaga muguu chini ya meza.

Mwingine alisema mwaka ile mvula ilianza siku mbuzi ya jirani ilikula mukate ya arusi. Solange akauliza tarehe. Akajibiwa aulize mbuzi.

Mimi nilitoa yangu haraka: kila mwaka, mara tu kisha Watakatifu Bote, mwanzo ya Novembre. Safi. Nilisoma kwa bapadri mpaka mwaka ya tano, kisha fimbo yao na mimi tukaachana, lakini sikukuu zilibaki mu kichwa. Nilijisikia profesa.

Siku ya posho, Jumamosi, 11 Octobre

Leo Mama Mwewa. Jirani, mujane, muuza samaki ya kukauka, muzaliwa wa Pweto, pale ziwa inaanza. Kabila yake na yangu ni batani. Tunatukanana hata pa kilio na hakuna mwenye kukasirika. Alinipokea akisema samaki kama mimi hata paka inakataa. Nikamwambia siku ya maziko yake nitakuya na njaa. Bado muzuri, ule mama. Naandika tu, hakuna anayesoma.

Yeye anahesabu na mwezi ya juu, kila moja na jina yake. Mwezi ya kufyeka. Mwezi ya moto. Mwezi ya miti kuvaa, wakati pori inatoa majani mapya nyekundu. Na zingine. Kumi na mbili, kisha zinarudi mwanzo. Alifunga macho akasimulia maisha yake yote hivyo. Batoto, safari za samaki, vifo, na kila mwaka mvula yake ya kweli: mwezi gani, ikiwa nyembamba ao ya kujaa. Sikutania. Solange aliandika mpaka kidole kikauma.

Ubatizo wa mutoto wa kwanza wa Mama Mwewa uko na tarehe ya kanisa. Solange atasimamisha hesabu pale, kisha mashine itahesabu mwezi kwa mwezi kuja mbele. Rahisi, anasema. Wenye kusoma banapenda hiyo neno.

Siku ya ine, 16 Octobre

Solange alinionyesha picha mu ordinateri. Kila mvula ni alama moja. Zangu zimesimama mustari moja, wima, kama baseminari mu maandamano. Nikapiga kifua.

Za Mama Mwewa ni aibu. Kila mwaka mvula yake inarudi nyuma kidogo. Kidogo, na tena kidogo, mpaka mashine inasema kuko mwaka bantu balipanda muhindi mu mwezi ya saba. Mwezi ya saba, wakati baridi inavalisha hata chura tricot. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Solange hakucheka. Alitazama sana, kisha akamutoa Mama Mwewa mu hesabu. Alisema umri unachanganya kumbukumbu. Kidole moja pa mashine, maisha yote ya mama ikapotea.

Siku ya tano, 17 Octobre

Nilienda kumwambia. Nilifikiri ni utani muzuri: Mama Mwewa, mupanda muhindi wa baridi.

Hakunitukana. Alirudisha mu beseni samaki alikuwa amenichagulia, akafunika na kitambaa, akaingia ndani.

Mutani akinyamaza, umekosa.

Siku ya Mungu, 19 Octobre

Misa. Alikaa upande ingine. Pa kupeana amani alipea mukono hata Ilunga. Mimi alinipea mugongo. Nimekula bukari, ugali yetu, na chumvi tu, bila samaki. Nilistahili.

Siku ya tatu, 22 Octobre

Solange alikuya asubuhi, hajachana nywele. Hakulala vizuri juu ya zile alama. Alinieleza hivi: muntu mwenye kusahau anasahau ovyo, mara mbele, mara nyuma, kama mulevi anarudi nyumbani. Lakini alama za Mama Mwewa zinaenda upande moja tu, na hatua ni ileile. Mulevi hatembei hivyo. Basi kosa haiko mu kichwa ya mama. Iko mu hesabu.

Tukaenda kwa Mama Mwewa. Mimi nilitembea nyuma yake, kama mbwa yenye imekula yai.

Solange alikaa chini pa udongo, akaomba radhi mbele ya kufungua mashine. Nilipenda vile. Mama Mwewa alimwacha angoje. Alipanga samaki, akapangua, akapanga tena. Kisha akauliza yeye:

"Mwezi ya miti kuvaa ikifika na miti ingali uchi, tunafanya nini?"

Solange hakujua. Mimi pia sikujua, lakini nilitikisa kichwa kama najua.

"Tunaiacha ipite. Ile mwezi haina jina. Jina tunapea yenye inafuata."

Kumbe. Kule kwao bazee balikuwa banagombana kila mara: huyu anasema mwezi ya miti kuvaa ni hii, ule anasema wapi. Basi banaenda pori kutazama miti. Muti njo hakimu. Kama majani haijatoka, mwezi inapita bure, haina jina, haina mwenyewe, na mwaka inangoja pori. Haitokei kila mwaka. Kila miaka miwili, mitatu, moja.

Solange alishika kichwa. Mwezi ya juu ni fupi kuliko ya kalendari, alisema. Kumi na mbili hazitoshi mwaka. Bazee balikuwa banajaza lile tundu na mwezi bila jina, na yeye alikuwa anaziruka zote. Akauliza sababu gani Mama Mwewa hakumwambia. Mama akashangaa kweli. Kitu hakina jina, utakisimulia namna gani?

Pa kutoka alinigeukia. Alisema uso yangu ni ya kambale ya juzi.

Nilirudi nyumbani naimba.

Siku ya posho, 25 Octobre

Solange amerudisha Mama Mwewa mu hesabu, pamoja na zile mwezi za bure. Mingi mama alikumbuka mwenyewe: mwaka ile miti ilichelewa, mwaka ile bazee balipigana ngumi. Zingine Solange alizipata na hesabu ya mwezi yenyewe, maana mashine inajua mwezi ya juu ilikuwa nyembamba lini, hata kabla hatujazaliwa. Kila muntu alileta nusu yake.

Sasa alama zake zimepanda mahali pake. Siyo mustari wima. Mwaka ingine mapema, ingine kuchelewa, kama mvula yenyewe. Kuko miaka kidogo bapadri balikuwa banapima mvula mu kopo. Solange alilinganisha. Mama Mwewa iko karibu sana na kopo.

Mimi niko mbali na kopo.

Nilikataa. Nikasema kopo ilitoboka. Solange alinishika bega:

"Kambo, weye haukumbuki mvula. Unakumbuka makaburi."

Anasema kila mwaka pa Watakatifu Bote tunasafisha makaburi, udongo unalowa ao haulowi, na kichwa yangu ilifunga mvula yote pale, pa siku moja. Bantu mingi ba kanisa beko hivyo. Tunafikiri mvula ni treni, inasimama pa kila sikukuu kushusha bantu.

Nilikasirika saa nzima. Kisha nikamwomba atie alama zangu rangi nyekundu. Kama ni kosa, ionekane ni ya nani.

Siku ya pili, 28 Octobre

Mukutano ya kikundi. Solange alisimama mbele ya bote. Alisema, kwa alama za Mama Mwewa na kopo, tusipande mbele ya mwezi ya juu ya Novembre kuonekana nyembamba. Mvula ya mbele yake, mara nyingi ni ya bongo. Alisema mara nyingi, siyo kila mara. Ningependa adanganye hapo. Hakudanganya.

Ilunga alisema hii ni arusi ya ordinateri na mwezi, na hajaona nani atalipa bia. Bantu balicheka. Kisha akauliza nani anasimama na mutoto.

Nilisimama. Magoti yalipiga kelele kama mulango ya kanisa. Nikasema mu picha yote ya Solange mimi njo niko na alama mubaya kuliko bote, mimi mwenye kusoma kwa bapadri, basi kama mimi nakubali kungoja, nani atakataa? Mama Mwewa alisema kutoka nyuma kwamba leo kwa mara ya kwanza kambale amesema ukweli.

Balikubali. Lakini Ilunga aliweka sharti: kama muhindi ya bengine inafika pa magoti na yetu ingali mu mifuko, shamba inaenda.

Siku ya tano, 31 Octobre

Mvula. Kubwa. Tangu saa sita mpaka jioni.

Kasungami yote na majembe. Banaimba. Majembe yetu pa ukuta. Ilunga alipita njiani, hakusalimia.

Ninaogopa.

Siku ya posho, 1 Novembre. Watakatifu Bote

Tulisafisha makaburi. Matope mpaka pa kifundo. Nilimwambia marehemu muke yangu: unaona, nilisema. Hakujibu. Alikuwa na tabia hiyo hata muzima.

Kisha mchana nilifanya neno mubaya. Nilipukusa muhindi ya kula, nikapanda mustari moja nyuma ya choo. Siyo mbegu ya kikundi. Ya kwangu. Hakuna aliyeona, ila kuku.

Nilisimama mbele ya bote kwa mutoto, kisha nyuma ya choo nikamsaliti. Mimi ni muzee mubaya. Lakini nilipanda muzuri, mustari imenyooka.

Siku ya posho, 8 Novembre

Mustari yangu imetoka. Kijani. Mashamba ya jirani pia, inapendeza macho na inaumiza roho.

Banamuke ba kikundi bamemuuliza Solange kama ordinateri yake iko na tumbo ya kusikia njaa. Alikuya kwangu, akalia. Nilimpea kikombe ya munkoyo, kinywaji ya muhindi. Alitaka kwenda choo. Nikamwambia choo imejaa, aende kwa Mama Mwewa. Kisha nikatundika blanketi yangu pa kamba mbele ya muhindi, kama ninaianika.

Siku ya ine, 13 Novembre

Jua. Mawingu hakuna. Majani imejikunja kama sigara. Nimeimwagia maji ya kunawa. Udongo ulikunywa, hata asante hausemi.

Nilitaka ife ili Solange awe na haki, aonekane alisema kweli. Nilitaka ipone sababu ni yangu. Yote mbili kwa mara moja.

Siku ya kwanza, 17 Novembre

Imekufa yote. Nilitoa blanketi.

Nilienda kwa Ilunga kuomba tupa ya kunolea jembe. Nikamkuta nyuma ya nyumba ya kuku, ameinama, anang'oa muhindi kavu. Mustari mitatu. Mitatu! Mukubwa wa kikundi.

Aliinuka na muhindi mu mikono. Nilitazama muhindi. Alitazama mbingu. Kisha akauliza, pole kabisa, kama choo yangu imekauka.

Alijua. Kuku zake njo zilinichungulia, na yeye alikuwa anazifuata. Tulicheka mpaka tukashikana, bazee wawili bongo. Kisha akaketi pa ndoo, akasema:

"Tungoje mwezi ya ule mutoto."

Njiani kurudi sikucheka tena. Jirani moja alikuwa anakata udongo wake tupu, bibi yake nyuma na jembe ya pili. Hakuna utamu mu kuwa na haki hivi.

Siku ya posho, 22 Novembre

Kisha jua kuzama, mwezi. Nyembamba, kama ukucha. Mama Mwewa alitoka pa mulango yake, akaionyesha na kidevu. Nikamuuliza kama hii iko na jina. Akasema iko nayo, na jina yangu pia anaijua, haitamukiki mbele ya batoto.

Mbingu safi. Nyota nyingi mno. Nilizichukia.

Siku ya pili, 25 Novembre

Jana mvula fupi. Leo asubuhi Solange alishika udongo, akaufinya, ukabaki donge. Alitazama Ilunga. Ilunga alivua kofia, akashika jembe.

Kikundi yote ilikuya. Ilunga alipiga kamba kama anaweka reli. Mama Mwewa alitembea nyuma yangu akifunika mashimo na muguu, akisema mimi napanda kama muntu anaficha vitu alivyoiba. Sikujibu. Nilikuwa na sababu zangu.

Jioni mifuko yote ilikuwa tupu. Mbegu yote iko chini. Hakuna ingine.

Siku ya tano, 28 Novembre

Hakuna mvula. Joto.

Solange hafungui mashine. Anafua nguo zenye ziko safi. Ilunga anapita mara kwa mara, anatazama juu, anapita. Nilimwomba Mungu, bila masharti safari hii.

Siku ya posho, 29 Novembre

Inanyesha.

Siku ya Mungu, 30 Novembre

Bado inanyesha. Pole, ndefu, bila kelele. Misa ilikuwa nusu. Bantu balibaki pa milango yao kutazama.

Siku ya tatu, 3 Décembre

Jana kidogo, leo tena. Ilunga amemtumia neno ule muntu wa piscine atafute udongo mahali pengine. Alimwambia Solange mbele ya bote, maneno mafupi, ya fundi wa treni, kwamba mwaka ujao aseme tarehe mapema ili banoe majembe vizuri. Solange alijibu kwamba mwaka ujao inaweza kuwa tofauti, atahesabu tena. Ilunga akasema ahesabu.

Jirani wenye muhindi yao iliungua banapanda maharagi na batata. Tumewapea majembe na mikono. Imebaki wakati kwa hizo.

Kutetea mémoire, ile kazi yake ya mwisho, mbele ya baprofesa kutafuata kisha Noeli. Solange anataka Mama Mwewa awe pale, akae mbele. Mama ananunua kitambaa. Ameniuliza rangi gani. Nilisema nyekundu, kama miti. Alinyamaza, lakini safari hii ilikuwa kimya ingine.

Siku ya Mungu, 7 Décembre

Kisha misa nilienda shamba peke yangu. Muhindi imetoka yote, urefu ya kidole moja. Maji ingali pa majani. Nilitembea kati ya mistari, nikiinua muguu juu kuliko lazima.

Hakukuwa muntu. Mbali mutoto fulani alikuwa anaita mbuzi.

Nilikaa pa tuta. Udongo ukalowesha suruali ya misa. Nikabaki.